Inzi wa matunda kwenye maembe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa Kyela, Usangu, Pawaga na jirani zake

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye miembe kwenye mabonde ya joto ya Nyanda za Juu Kusini. Jibu likihitaji maelezo yaliyokwisha kutolewa kwingine, tumetaja swali la kusoma.

## Kumjua mdudu

1. Inzi wa matunda ni yupi? Ndio hawa wadogo wanaozunguka ndizi mbivu jikoni?

Hapana. Wale wa jikoni ni wadogo sana na hufuata tunda lililokwisha kuiva kupita kiasi au kuchacha. Hawatoboi embe zima likiwa mtini. Inzi wa matunda anakaribia ukubwa wa inzi wa nyumbani, ila ni mwembamba zaidi kiunoni, ana rangi ya kahawia au manjano, na jike ana mkia mfupi uliochongoka. Mkia huo ndio sindano ya kutagia. Ukimwona ametulia juu ya embe, anatembea polepole huku akiinua na kushusha mabawa, kisha anasimama na kukunja tumbo kuelekea chini, ujue anataga.

2. Huku kwetu kuna aina gani?

Anayeharibu zaidi maeneo ya joto ni *Bactrocera dorsalis*, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Vijitabu vya zamani vinamwita *Bactrocera invadens*. Ni mdudu yuleyule. Mabawa yake ni maangavu yenye ukingo mweusi mwembamba mbele, mgongoni ana mistari miwili ya manjano pembeni, na juu ya tumbo ana alama inayofanana na herufi T.

Wa pili ni *Ceratitis cosyra*, mwenyeji wa Afrika. Ni wa manjano, na mabawa yake yana mikanda ya rangi ya kahawia. Tunda lake la asili porini ni ng'ongo, kwa hiyo shamba la embe lililopakana na pori lenye ming'ong'o hupata wageni hata kama wewe umesafisha kwako.

Kadiri unavyopanda milima, *Bactrocera dorsalis* hupungua, na jamaa wa *Ceratitis* wanaostahimili baridi huchukua nafasi yake. Hao ndio wanaotoboa mafyulisi huko Uyole na Njombe. Tofauti hii ina maana kwa mfuko wako, kwa sababu kivutio cha mtego kinachonasa aina moja hakiwavuti wengine (soma swali la 9).

3. Embe kwa nje ni zima kabisa, nikipasua nakuta funza. Waliingia wapi?

Waliingia wakiwa mayai. Jike hudunga ganda na kuacha mayai chini yake tu, na kitobo ni kidogo mno kuonekana kwa haraka. Geuza embe kwenye mwanga ukitafuta kidoa kimoja kinachotoa utomvu, au michirizi ya utomvu uliokauka kuanzia kwenye nukta. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni ya nukta hiyo. Penye mayai yaliyoanguliwa, nyama huwa laini na hubonyea kabla ya sehemu nyingine kuiva.

Mayai huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3. Funza hula nyama ya tunda kwa wiki moja hadi mbili, kisha hutoka, hudondoka na kujichimbia udongoni kina cha sentimita 2 hadi 5. Huko hugeuka pupa wa kahawia, mwenye umbo la punje ya mpunga. Kwenye joto, baada ya siku 10 hadi 14 hivi anatoka inzi kamili; kwenye baridi huchelewa. Jike aliyetoka leo hawezi kutaga kesho, kwani anahitaji siku kadhaa za kula protini ili mayai yakomae. Shika hilo, maana ndilo linaloufanya mpango mzima wa chambo (swali la 13) ufanye kazi.

4. Nimekuta mdudu ndani ya kokwa. Ni huyohuyo?

Si yeye. Huyo ni fukusi wa kokwa la embe. Funza wa inzi hula nyama, hana miguu, kichwa chake kimechongoka na nyuma ni butu. Ukimweka mezani hujikunja, akashika mkia kwa mdomo na kujirusha sentimita kadhaa. Fukusi wa kokwa harukiruki, na nyama ya embe lake mara nyingi huliwa bila mtu kugundua lolote.

Usichanganye pia na chule, ugonjwa wa kuvu unaoleta madoa meusi yanayotandaa kwenye ganda. Embe la chule ukilipasua hukuti funza. Mitego haitibu chule, wala dawa ya kuvu haimgusi inzi.

5. Kwa nini maembe ya mwanzo wa msimu hupona na ya mwisho huisha yote?

Kwa sababu yale ya mwanzo ndiyo yaliyowazalisha inzi waliokuja kumaliza ya mwisho. Kizazi kimoja huchukua mwezi mmoja hivi kukamilika kwenye joto, na jike mmoja hutaga mayai mamia katika maisha yake. Matunda machache yaliyoachwa yaoze chini mwanzoni mwa mavuno ni jeshi zima wiki tano baadaye. Ndiyo maana mwenye embe aina ya Keitt, inayochelewa kuiva, hulia kuliko mwenye aina za mapema, hata wakipakana.

## Usafi wa shamba

6. Matunda yaliyoanguka niyafanyeje?

Yaokote yote, angalau mara mbili kwa wiki, tangu tunda la kwanza lililodungwa lianguke hadi wiki mbili baada ya mavuno kwisha. Ukiokota mara moja kwa wiki, funza wengi watakuwa wameshatoka na kuingia udongoni. Unabaki kuzika maganda. Okota pia yanayoning'inia yakiwa yameoza mtini, na usisahau yaliyonasa kwenye matawi ya ndani.

Kuyamaliza kuna njia mbili zinazoaminika.

Ya kwanza ni shimo. Chimba kiasi kwamba ukishamwaga matunda, udongo wa juu yake uwe na unene usiopungua sentimita 50, kisha ushindilie kwa miguu. Watu wengi hukosea hapa: huchimba shimo la futi moja, hulijaza hadi juu, na hutupia udongo kidogo. Inzi anapotoka kwenye pupa huwa na kifuko kwenye paji la uso anachokijaza maji ya mwili na kukitumia kusukuma udongo mpaka afike juu. Udongo laini wa kiganja kimoja haumzuii. Ukiacha shimo wazi kwa siku tatu ukisubiri lijae, umefuga inzi.

Ya pili ni mfuko mweusi wa plastiki, ule mzito. Jaza matunda, funga mdomo kwa kamba bila kuacha upenyo, uweke juani penye joto siku nzima kwa wiki moja au zaidi. Joto na kukosa hewa huwaua mayai na funza. Mfuko mwepesi huchanika, na funza hupenya kwenye tundu dogo sana. Pawaga na Ruaha Mbuyuni, ambako jua ni kali, njia hii huenda vizuri. Kyela wakati wa mawingu tumia shimo.

Kuyarundika pembeni ya shamba, kuyatupa mtoni au kuyaweka kwenye lundo la mboji bila kuyapitisha kwenye mfuko kwanza, yote ni kumhamisha mdudu tu.

7. Naweza kuwapa nguruwe?

Ndiyo, na ni matumizi mazuri, mradi yaliwe siku hiyohiyo. Wape kiasi wanachomaliza, wakiwa kwenye banda lenye sakafu ngumu. Mabaki ya jioni yanayolala kwenye udongo wa banda hutoa inzi kama kawaida.

8. Kuna hema la chandarua tulioambiwa linaua inzi lakini linaachia wadudu rafiki. Ni kweli?

Ni kweli. Matunda yaliyodungwa huwekwa ndani ya hema lililofungwa vizuri, na juu kuna wavu wenye matundu madogo kiasi kwamba inzi hapiti, lakini nyigu wadogo wanaoshambulia funza wa inzi wanapita na kurudi shambani. Kosa ni kushona kwa wavu wa kawaida wa madirisha bila kupima matundu, au kuacha zipu mbovu. Kwa mkulima mmoja mwenye miti 20, tungesema chimba shimo kwanza. Hema linafaa kikundi kinachokusanya matunda ya wengi pamoja.

## Mitego

9. Mtego wa chupa unatengenezwaje?

Chukua chupa ya maji ya lita 1 au 1.5, safi na yenye kifuniko. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa matundu manne kuizunguka, sehemu ya juu chini ya mabega ya chupa, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 8 hadi 10. Makubwa zaidi ya hapo huingiza mvua na kumwonyesha inzi njia ya kutokea. Kitakoni toboa vitundu viwili vya sindano ili maji yatoke.

Pitisha waya katikati ya kifuniko. Mwisho wa ndani funga pamba iliyosokotwa, iloweshe kivutio kama mililita 2 hadi 3, pamoja na matone machache ya malathioni (dawa ya kuua wadudu) ili anayeingia afe asitoke. Kwa *Bactrocera dorsalis* kivutio ni methili eujenoli. Kwa *Ceratitis cosyra* ni terpinili asetati. Ukiweka methili eujenoli pekee, mtego utakuwa kimya kuhusu *Ceratitis* hata wakiwa wamejaa mtini.

Ning'iniza kimo cha mita 1.5 hadi 2, kivulini, ndani ya majani ya chini ya mwembe. Ondoa majani yanayogusa chupa. Paka grisi kwenye waya, la sivyo sisimizi watapita kula inzi waliokufa na hesabu yako itakuwa ya uongo. Badilisha kivutio kila baada ya wiki 4 hadi 6, na mwaga waliokufa kila wiki.

Vaa glavu. Methili eujenoli ikikumwagikia kwenye shati, inzi madume watakufuata mpaka nyumbani. Usiipake kwenye shina wala kwenye tunda.

10. Mitego yangu inanasa mamia, lakini maembe bado yanaoza. Dawa ni feki?

Si lazima iwe feki. Mimina walionaswa kwenye karatasi nyeupe uwaangalie: karibu wote hawana mkia uliochongoka. Ni madume. Methili eujenoli haiwavuti majike, na anayedunga embe ni jike. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kupunguza nusu ya madume hakupunguzi nusu ya mayai. Ni lazima wapungue karibu wote ndipo majike wakose wa kuwapanda, na hilo linahitaji mitego mingi, iliyoanza mapema kabla inzi hawajaongezeka, kwenye eneo pana.

Mitego miwili iliyotundikwa maembe yakianza kuiva ni ya kukupa taarifa tu. Majike wanashughulikiwa kwa chambo cha protini (swali la 13) na usafi (swali la 6). Kwa maoni yetu, mwenye pesa ya kitu kimoja tu aanze na jembe la kuchimbia shimo, kisha chambo, na mitego ije ya tatu. Madukani huanza kukuuzia mitego.

11. Mitego mingapi inatosha?

Kwa kufuatilia tu, mmoja au miwili kwa hekta. Kwa kuwamaliza madume, kiwango kinachotumika sana ni 10 hadi 20 kwa hekta, yaani 4 hadi 8 kwa ekari, iliyosambazwa sawasawa na kuwekwa angalau miezi miwili kabla ya mavuno.

12. Nitajuaje kama wanaongezeka?

Hesabu siku ileile kila wiki. Gawanya idadi ya inzi kwa mitego, kisha kwa siku. Mitego 4 ikinasa inzi 84 kwa siku 7, ni 84 ÷ (4 × 7), sawa na inzi 3 kwa mtego kwa siku. Andika kwenye daftari. Namba moja peke yake haikuambii kitu. Inayoongezeka maradufu wiki mbili mfululizo inakuambia usingoje kuanza chambo.

## Chambo cha protini na dawa

13. Chambo cha protini kinatumikaje?

Jike mwenye njaa ya protini huja kula, na ndani ya chakula kuna sumu kidogo. Kinachouzwa kimeshachanganywa na sumu iitwayo spinosadi, au unanunua protini peke yake na dawa peke yake. Kipimo cha kuchanganya na maji fuata lebo, kwa sababu bidhaa zinatofautiana sana ukali.

Kiasi kwa mti kinafahamika: mililita 50 za mchanganyiko kwenye eneo la mita moja ya mraba la majani, upande mmoja wa mti. Ekari yenye miti 40 iliyopandwa mita 10 kwa 10 inatumia lita 2 tu kwa wiki. Anayemaliza bomba la mgongoni la lita 16 kwenye ekari moja anapulizia, haweki chambo.

Fungua nozeli itoe matone makubwa. Ukungu mwembamba hukauka haraka na inzi haupati. Lenga chini ya majani, asubuhi, na kwepa matunda, kwani chambo huacha madoa kwenye ganda na kualika kuvu nyeusi. Anza matunda yakifikia ukubwa wa yai la kuku, rudia kila siku 7, na usiache katikati ya mavuno. Wengi huacha siku wanapoanza kuvuna, wakati huo ndipo harufu ya maembe inawaita inzi wa kata nzima.

14. Kwa nini nisipulizie mti wote dawa kali nimalize?

Kwa sababu wengi wa wadudu wako hawapo pale unapopulizia. Mayai na funza wamo ndani ya tunda, pupa wamo udongoni, na majike wengi huingia shambani kutaga tu, kisha hurudi vichakani. Unawaua waliopo asubuhi ile. Unawaua pia nyigu na sisimizi wanaokusaidia, na kwenye maua unaua nyuki. Mwaka unaofuata utaona vidung'ata na wadudu magamba wameongezeka, kwa kuwa waliokuwa wakiwala hawapo.

Kuna na suala la siku za kungoja kabla ya kuvuna. Maembe hayaivi siku moja; ukivuna kila siku tatu, dawa inayotaka siku 14 haina nafasi. Dawa yoyote unayonunua, angalia namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwenye lebo. Iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usinunue.

15. Kyela mvua inanyesha karibu kila siku. Chambo si kinaoshwa?

Kinaoshwa. Mvua kubwa ikinyesha siku hiyohiyo au kesho yake, rudia. Ili kupunguza hasara, weka upande ambao mvua na upepo haupigi, chini ya majani ya ndani. Wengine huweka chambo kwenye pamba ndani ya chupa yenye matundu kama ya swali la 9, kikakaa bila kuguswa na mvua. Kinavuta kutoka karibu tu, kwa hiyo kila mti mkubwa uwe na chupa yake. Penye mvua namna hii usafi unabeba mzigo mkubwa kuliko Pawaga.

## Njia nyingine

16. Kufunga matunda kwa karatasi kunasaidia?

Sana, na hakuna sumu. Tumia gazeti tabaka mbili au mfuko wa kaki, funga likiwa na ukubwa wa yai, na kaza mdomo kwenye kikonyo. Ukisubiri lianze kubadilika rangi, umemfungia inzi ndani. Nailoni inayoangaza hulichemsha tunda. Inafaa miti mifupi ya kupandikiza kama Apple na Tommy Atkins. Mwembe wa kienyeji wa mita 15 hauwezi.

17. Sisimizi maji moto niwaue au niwaache?

Pale walipo, waache. Hufukuza inzi jike asitulie kutaga. Kero yao ni kwa wachumaji, hivyo vuna alfajiri kabla hawajachangamka. Kuku nao wakichakura chini ya miembe hula funza na pupa wengi, ila wasipewe shamba siku ya kuweka dawa.

18. Nikivuna mabichi nitawakwepa?

Kwa sehemu. Embe lililokomaa likiwa bado kijani na gumu hudungwa kidogo kuliko linaloanza kulainika, kwa hiyo kuchuma mapema na kuivishia ndani kunaokoa mengi. Lakini *Bactrocera dorsalis* hudunga hata la kijani lililokomaa. Chambua kabla ya kujaza tenga: lenye nukta ya utomvu liondoe. Mnunuzi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, akipasua moja akakuta funza, atashusha bei ya tenga zima, na ana haki.

## Hali zisizo za kawaida

19. Jirani yangu haokoti chochote. Nifanye nini?

Inzi huruka, kwa hiyo hasara itakuwepo. Weka chambo kwenye mstari wa miti ya mpakani kwa wingi kuliko katikati, hata kwenye ua na migomba ya ukingoni, maana hupumzika huko. Mwombe jirani uokote mwenyewe. Wengi hukubali, hasa ukichukua kwa ajili ya nguruwe. Mitego ya madume ukiiweka peke yako ni hasara zaidi hapa. Ifanyeni kama kitongoji.

20. Msimu wa embe ukiisha, inzi wanakwenda wapi?

Hawaendi mbali. Wanahamia mapera, papai zilizoiva, machungwa, matunda ya mikungu (miti ya kivuli) na matunda pori. Mpera mmoja uani, unaozaa nje ya msimu bila kuvunwa, unaweza kuwavusha hadi maembe ya mwaka unaofuata. Ama uuvune na kuokota kama miembe, ama uukate.

21. Nina parachichi na embe. Nitumie mpango mmoja?

Usafi na chambo ni vilevile. Inzi anaweza kutaga kwenye parachichi, hasa lenye mkwaruzo, ila embe ndilo analopendelea. Kama unauza parachichi nje ya nchi, masharti ya mnunuzi kuhusu dawa ndiyo yatakayoamua utumie nini, hata kwenye miembe iliyo shamba hilohilo.

22. Nataka kuvusha maembe Malawi kupitia Kasumulu, au kuuza Ulaya.

Kuvusha mpaka kunahitaji cheti cha afya ya mimea, na mkaguzi ana haki ya kupasua matunda. Ulaya ni ngumu zaidi: tangu Septemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka maembe yawe yametoka eneo lisilo na inzi hao, au shamba lililokaguliwa bila kukutwa dalili zao, au yawe yametibiwa kwa njia iliyokubaliwa. Funza mmoja kwenye kreti anatosha mzigo mzima kukataliwa. Usivune ndipo uulize. Muone mkaguzi kabla miti haijatoa maua, kwa sababu kumbukumbu za mitego za msimu mzima zinaweza kuhitajika.

23. Nimekula embe lenye funza. Nitaugua?

Funza hao hawaishi ndani ya mtu. Tatizo ni uozo unaoambatana nao, kwa hiyo lililochacha litupe. Lenye kidonda upande mmoja, kata upande huo kwa upana. Uliobaki mzima unalika, au ukaushe. Lakini kilichokatwa kiende shimoni, si jalalani.